Tisa kwa Ishirini Niliyompa Asani

Juzi mlikuja wanne uani kwangu na gita lililopinda shingo, na kabla hamjanionyesha limepinda wapi mkaanza kugombana. Mmoja wenu alishika simu akasema katika hii bendi ya wazungu wa zamani mpiga solo ndiye bendi, wale wengine wanambebea mizigo tu. Mwingine akasema wewe hujui kitu, mtoe mwimbaji uone kama atabaki msikilizaji. Wa tatu akawapanga wote kwa namba, wa kwanza mpaka wa nne, kama matokeo ya shule. Mpiga ngoma akawa wa nne. Mkacheka, mkakubaliana, mkaondoka, na gita mkaliacha kwenye benchi.

Nimelinyoosha. Limening'inia ukutani, linawangoja. Lakini sitalitoa mpaka mnisikilize, kwa sababu ile orodha yenu mimi niliwahi kuiandika kwa kalamu, na wa nne wangu alikuwa yule yule.

Nimepiga gita hapa Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba, tangu ndevu zangu zilipokuwa za kuhesabika mpaka vidole vilipoanza kukataa asubuhi za mvua. Sikufundishwa na mtu. Hilo huwa mnalisifu, "Papa, ulijifundisha mwenyewe!". Aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia inatosha. Niliweza kurudia kipande cha muda wa kupiga chafya mbili kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, na chakula alichoniletea mama kikapoa pembeni. Kidole kikigusa waya wa jirani kidogo tu, nilianza upya. Nilikuwa na hofu kwamba mahali fulani kuna mtu ananisikiliza na kuandika makosa yangu. Hakuwapo, basi nikamfanyia kazi yake. Nilitwaa daftari la shule, nikachora safu nne, na kila baada ya mazoezi nilimpa kila mmoja wetu alama kwa ishirini. Ndiyo maana wenzangu waliniita Enspekta, yaani mkaguzi.

Bendi yetu mwanzoni iliitwa Les Tonnerres. Kisha ikaja amri kwamba majina ya kigeni yaondoke, ya watu na ya vitu, tukawa Radi ya Lualaba, na ngoma kubwa tukaipaka rangi upya. Tulikuwa wanne. Ramazani alikuwa mwimbaji, mtoto wa mtaa wa Waislamu, sauti yake aliijenga kwenye maulidi mpaka maikrofoni ikawa inamwogopa. Kitenge, mtu wa Kailo, alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni. Alipiga besi yenye nyuzi za waya wa simu, na sidhani kama alisema maneno kumi kwa wiki. Mimi nilikuwa kwenye solo, kwa nyuzi nilizozichambua kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Siku mkikosa nyuzi, fanyeni hivyo, lakini kebo iwe mpya na muipanguse kwa mafuta ya taa kwanza, la sivyo itawachana vidole.

Wa nne alikuwa Asani, mpiga ngoma. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mashine za boti lililokwenda Ubundu na kurudi, kwa hiyo kuna wiki alikuwapo na kuna wiki hakuwapo. Ngoma zake zilikuwa za ngozi ya mbuzi, na unyevu wa mto uliilegeza. Alikuja mazoezini na jiko la makaa, akazipasha joto kabla ya kila wimbo, akigonga kwa kidole na kutega sikio kama mama anayechagua nanasi sokoni. Mimi nilisimama na gita shingoni nikihesabu muda anaopoteza. Niliandika hata hilo: "Jiko. Alama moja chini."

Sasa nije kwenye sahani, yaani santuri. Wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa na kugawiwa wananchi, Mgriki mmoja alifunga masanduku yake akaacha mengi nyuma, na mimi nikabaki na fono ndogo ya betri, ile mashine ya kuchezea santuri, na sahani moja ndogo ya bendi ya ng'ambo. Kwenye bahasha yake walikuwapo vijana wanne wenye nywele za mabegani. Majina yao hatukuweza kuyatamka, tukawapa yetu. Mpiga solo tulimwita Mrefu, mwimbaji tukamwita Mdomo, wa besi akawa Miwani, na mpiga ngoma akawa Ndevu. Muziki wa namna ile tuliuita jerki. Komiseri wa zone, mkuu wa serikali hapa mjini, alitaka nyimbo za nyumbani, kwa hiyo Ramazani akachukua wimbo wa wale wanne na kuuwekea maneno ya Kiswahili ya kumsifu Kiongozi na chama. Komiseri aliposikia akatikisa kichwa kwa furaha, asijue nywele za waliotunga.

Hakuna siku tuliyopumzika bila kuwalinganisha wale wanne.

"Mrefu njo mukubwa wao," nilisema. "Sikieni, kila noti iko peke yake. Hana haraka na muntu."

"Mdomo njo mugonjwa," alisema Ramazani. "Sauti nzito vile kwa kijana mudogo? Mumupe dawa ya kifua."

"Na Ndevu je?" niliuliza.

"Ndevu analala. Anapiga sawa muntu anatwanga muhogo na hana njaa."

Kitenge alicheka kimya kimya, mabega yakapanda na kushuka. Asani hakucheka. Alisema, "Ile sahani yenu iko mugonjwa yote, hapana Mdomo peke yake." Hatukumjali. Nikaandika: Mrefu kumi na nane, Miwani kumi na nne, Mdomo kumi na tatu, Ndevu kumi. Halafu nikajipa mimi kumi na saba, kwa sababu kila alichopiga Mrefu nilikipiga, noti kwa noti, bila kukwaa. Ile kumi na saba niliishi ndani yake kama nyumba. Niliamka ndani yake, nilitembea sokoni nayo.

Betri mpya zilikuwa adimu hapa mjini miaka ile. Dawa yake kila nyumba iliijua. Ulizitoa, ukazianika juu ya bati saa za jua kali, zikapata moto, na zikafufuka kwa muda. Ungepita mtaani ungeona bati za watu zimepangwa betri kama dagaa. Mimi niliyerudia kipande kimoja mara mia, sikuwahi kuwa na betri isiyopitia juani. Fono ikiimba, mimi niliridhika. Nyuzi zangu nilizikaza kwa kuifuata sahani hiyo, na Kitenge akakaza zake kwa kunifuata mimi, naye Ramazani akaimba humo humo, kwa hiyo sote tulipatana vizuri kabisa.

Isipokuwa Asani. Kila aliporudi safarini alituvuta mbele. Mimi nilishika mwendo wangu, yeye akausukuma, na wimbo ukawa kama mkokoteni unaovutwa na watu wawili wasioelewana.

"Unakimbia," nilimwambia.

"Sikimbii, yaya," alisema, akiniita kaka. "Ninyi njo munatembea na viatu vya kuazima."

"Fuata sahani!"

"Naifuata. Naisikia ku boti. Fundi mukuu iko na ile ile, anaipiga na umeme wa mashine. Iko mbio kuliko hii."

"Umeme wa boti unaogopa mamba," nilimjibu, na wote wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka.

Ramazani alichukua nafasi hiyo naye akalalamika. "Na mimi unanishusha chini sana, Enspekta. Ninaimba sawa niko ndani ya kisima." Nilimwandikia kumi na mbili siku ile kwa kulalamika. Asani nikamwandikia kumi. Mbele ya jina lake niliandika: "Anaongeza vitu." Maana kila nilipokaribia kipande kigumu cha solo, Asani aligonga kitu kidogo kabla yangu, mapigo mawili matatu ya haraka ambayo sikuwa nayasikia kwenye sahani.

Siku moja alirudi kutoka upande wa Kisangani na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alinipa nikiwa peke yangu mlangoni kwetu. Ndani zilikuwa betri sita mpya, bado zina karatasi yake.

"Zawadi, Enspekta. Weka hizi, halafu usikilize. Usiite muntu."

Niliziweka. Wimbo ulitoka ndani ya fono kama abiria aliyesikia treni inapiga honi. Mdomo hakuwa mgonjwa, sauti yake ilikuwa juu, nyepesi, karibu na ya Ramazani. Ndevu hakuwa amelala. Na Mrefu, noti zake nilizozizoea moja moja, zilianguka kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilichukua gita nikajaribu kumfuata. Kufika kipande cha pili vidole vilisokotana. Nikarudia, vikasokotana tena pale pale.

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri betri hizo zina nguvu kupita kiasi. Nilifikiri Asani ameniletea betri mbaya.

Nikaenda kwa mkuu wa stesheni, mzee aliyekuwa na fono nyumbani tangu zamani, nikiwa na fono yangu na betri zote, nikamwonyesha sahani. Katikati yake paliandikwa 45, nami siku zote nilidhani ni namba ya wimbo. Alinitazama kwa huruma.

"Sitwaye," alisema, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitana wote wakati ule, "hiyo njo mizunguko. Kwa dakika moja. Gundisha kakaratasi pembeni, uweke chini ya saa yangu, uhesabu. Kama haifiki arobaini na tano, treni yako imechelewa."

Nilihesabu pale chini ya saa ya stesheni, wachukuzi wakinizunguka na kuhesabu pamoja nami kwa sauti. Kwa betri za Asani, arobaini na tano. Kwa betri zangu za jua, thelathini na tisa.

"Imechelewa," alisema mkuu wa stesheni.

Mpaka hapa ni kosa tu, na kosa kama lile nalicheka. Linalofuata silicheki.

Nilirudi nyumbani nikatoa betri mpya nikazificha ndani ya kiatu, nikarudisha za zamani. Zilibaki siku tano kabla ya sherehe ya chama, tungepiga mbele ya komiseri na mji wote. Kama wimbo ungekwenda mwendo wake, mimi ningeanguka kwenye kipande cha pili, na kila mtu angeona kwamba ile kumi na saba haikuwa yangu, ilikuwa ya betri. Na Asani asingekubali kwenda polepole. Kwa hiyo siku iliyofuata, mbele ya Ramazani na Kitenge, nilifungua daftari nikasoma kwa sauti.

"Asani, tisa kwa ishirini. Hana mwendo. Hasikilizi. Anaongeza vitu. Kwenye sherehe tutamchukua mpiga ngoma wa fanfare, ile bendi ya matarumbeta ya shule."

Asani aliitazama fono, kisha akanitazama mimi.

"Betri uliweka?"

"Sijapata nafasi."

Kisha akachukua jiko lake, akamwaga majivu nje taratibu yasiruke kwenye nguo za watu, akasema, "Ngoma nawaachia. Ngozi muzipashe moto mbele ya kuanza." Akaenda.

Sherehe ilikwenda vizuri. Naomba mlielewe hilo vijana, maana hadithi nyingi zingeniadhibu hapo hapo. Kijana wa fanfare alipiga polepole kama nilivyomwagiza, noti zangu zilitoka moja moja, komiseri alicheza ndani ya suti yake ya abakosti mpaka jasho likamtoka, na watu walinibeba mabegani. Hakuna aliyejua. Ngoma tu ilitoa sauti ya godoro linalokung'utwa vumbi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuipasha. Nilifika nyumbani nikafungua daftari nijiandikie kumi na nane. Nikaandika moja, na nane ikanishinda.

Nikatoa betri kwenye kiatu. Safari hii sikumsikiliza Mrefu, niliogopa. Nikamsikiliza Ndevu. Niliirudia ile sahani kama ninavyorudia vitu, na mara ya tano au ya sita nikasikia. Kila Mrefu alipokaribia kipande kigumu, Ndevu aligonga mapigo mawili matatu ya haraka kabla yake, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko anapovuka daraja la mti mmoja. Kwenye mwendo wa betri zangu mapigo yale yalizama, hayakusikika kabisa. Asani aliyasikia kwenye boti, na kila wiki alinigongea mimi, na mimi kila wiki niliyaandika kama kosa.

Boti liliporudi nilikwenda bandarini. Nilimkuta Asani chini kwenye mashine, mikono myeusi mpaka viwiko. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani. Yote ilipotea.

"Betri zilikuwa nzuri?" aliuliza bila kugeuka.

"Arobaini na tano."

"Ulihesabu! Enspekta, wewe hapana muntu wa kawaida." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ulihesabu lini?"

Hapo ningeweza kudanganya mara ya pili. "Mbele ya sherehe," nilisema. "Mbele ya kukusomea ile tisa."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Mashine ilikuwa inapoa na kutoa sauti ndogo ndogo.

"Nilikwambia usikilize peke yako," alisema, "sababu sikutaka wakucheke. Wewe ulinisomea mbele ya wote."

"Rudi, Asani. Nakuomba."

"Mimi sirudi kwa msamaha wa huku chini ya boti. Tisa yangu waliisikia watu. Uende uwaambie watu."

Nilikwenda. Niliwaita Ramazani na Kitenge, nikaweka betri mpya, nikawaacha wasikilize, na sahani ilipokwisha nikawaambia yote, kiatu na vyote. Ramazani alikuwa ameanza kuimba pamoja na Mdomo bila kujijua, na sauti yake ilikuwa imepanda mahali ambapo sikuwahi kuisikia tangu tuanze. Akasimama.

"Kumbe ulinizika muzima!" alisema. "Miezi yote hii! Na kumi na mbili ukanipa!"

Kitenge alilitazama daftari, akalitazama jiko lililokuwa halipo, akasema maneno yake ya wiki ile. "Ni wewe ulitakiwa kupata tisa."

Nikajiandikia hapo hapo mbele yao. Kisha tukakaza nyuzi upya, mimi na Kitenge, na kebo yangu moja ya breki ikakatika kwa kupandishwa. Na mimi nikaenda kumwita Asani.

Alikuja na jiko lake. Tulifanya mazoezi wiki mbili kwenye mwendo wa kweli, nami niliweza, nikashindwa, nikaweza, nikashindwa. Jumapili mchana tukapiga kwenye baa moja karibu na stesheni, watu wamevaa vizuri wametoka misa, wengine wamekuja na watoto. Asani alipasha ngozi zake na safari hii nilingoja. Tukaanza.

Kipande cha kwanza nilipita. Cha pili kilipokaribia nilisikia mapigo yake matatu, kiwiko changu kikashikwa, nikapita. Cha tatu, kile kirefu kuliko vyote, kidole kiligusa waya wa jirani, na kama mnavyonijua, moyo wangu ukataka kusimama na kuanza upya. Noti mbili zikapotea. Nikajua nimekwisha.

Wakati huo nikasikia ngoma. Asani alikuwa anapunguza mwendo. Hakuupunguza ghafla, la. Aliushusha unywele mmoja baada ya mwingine, Kitenge akamfuata, Ramazani akamfuata, na wachezaji waliokuwa mbele yetu hawakukosea hata hatua moja, hawakujua kwamba ardhi imeshuka chini ya miguu yao. Aliushusha mpaka pale vidole vyangu vilipoufikia. Akanishikia hapo mpaka nilipomaliza kipande chote, noti moja moja, safi. Kisha, taratibu vile vile, akatupandisha mpaka arobaini na tano.

Wimbo ulipokwisha alijipangusa uso kwa shati, akaniuliza juu ya makelele ya watu, "Enspekta, leo ninapata ngapi?"

Daftari lilikuwa mfukoni. Sikulitoa, na tangu siku ile sikuandika tena.

Nimepiga na wengi baada ya pale, hapa na mpaka kwenye machimbo ya kule mjini Kama, ambako watu hucheza wakiwa bado na udongo miguuni. Asani alibaki nasi mpaka boti lake lilipoacha kutembea naye akaenda kutafuta kazi upande wa chini wa mto. Ile sahani ninayo bado, imepinda, haichezi. Mliniuliza juzi, kabla hamjaondoka, kama mimi ningewapanga vipi wale wanne wa kwenye simu yenu, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Kuhusu mpiga ngoma wao siwezi kusema kitu, kama nisivyoweza kusema kuhusu Ndevu. Kwenye sahani ile hakuna aliyekosea, kwa hiyo sijui angefanya nini mwenzake akianguka. Asani najua.